Msimng'oe Mjomba

Mjomba wangu aliacha kisa chake katikati. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona, na ni jambo dogo, maana mtu yeyote anaweza kunyamaza. Lakini mjomba wangu hanyamazi. Akianza kisa atakimaliza hata kama aliyekuwa anamsimulia ameshaondoka. Atamgeukia mwingine na kuendelea pale pale alipoishia.

Tulikuwa juu ya slabu ya jengo la maduka, tunamwaga zege. Siku ya kumwaga zege haifanani na siku nyingine. Mashine ya kuchanganyia iko chini, karibu na lundo la mchanga, na zege lote linapanda juu kwa mikono ya watu. Tunajipanga mnyororo kwenye njia ya mbao, kuanzia chini hadi juu, na karai linapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Katikati ya mnyororo anasimama Kasuku, mwanamume mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye anaita "Pokea!" na sisi tunajibu "Peleka!" Ukishazoea, mkono wako unapokea kabla jicho halijaona. Unaweza kuwa unawaza ya nyumbani, na karai bado linapita.

Mtu wa mwisho kule juu alikuwa Tinga. Tulimwita hivyo kwa sababu ya kifua chake, na kwa sababu akishaanza kwenda mbele hana breki. Yeye ndiye aliyekuwa akimwaga makarai. Mimi nilisimama nyuma yake, nikimpa. Mbele yake alikuwa mjomba na nyuki.

Nyuki ni jina tulilolipa ile mashine ya kushindilia zege, inayovuta umeme kwa waya mrefu kutoka kwenye jenereta iliyo chini. Ina mota yenye kishikio, bomba refu la mpira, na kichwa cha chuma kinachotetemeka ndani ya zege mpaka lijae kila pembe. Mjomba alikuwa fundi wa nyuki. Alitembea nayo juu ya nondo huku mkono mmoja ukiongoza bomba, na mdomo ukifanya kazi yake.

Mjomba ni mdogo wake mama, wa kufuatana naye. Ndiye aliyenileta kazini. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya watu wote akasema, "Huyu ni mpwa wangu. Hasemi. Msidhani ni maringo, maneno yake bado yamo kwenye karatasi, hayajafunguliwa." Watu wakacheka, nikataka ardhi inimeze. Tangu siku hiyo saiti nzima ikawa inamwita Mjomba, hata wazee waliomzidi umri.

Asubuhi hiyo kisa kilikuwa cha mkwewe aliyenunua kitanda kipana kuliko mlango.

"Wakakipindua hivi, hakiingii," mjomba alikuwa anasema, huku amepiga goti moja juu ya nondo, mguu wa pili umezama kwenye zege hadi muundini. "Wakakipindua vile, hakiingii. Mkwe wangu akavua kofia, akakitazama, akasema, jamani, kama kitanda hakiingii, basi..."

Akanyoosha mkono wa kushoto kuishika mota kwenye kishikio, aisogeze karibu. Akanyamaza.

Tinga alingoja. "Basi nini?"

Mjomba hakujibu. Mgongo wake ulikakamaa, kichwa kikaenda nyuma kidogo, mabega yakaanza kutetemeka.

"Haya, ameshaanza kuigiza," alisema Dada Ushanga, mwanamke aliyekuwa nyuma yangu. "Sasa yeye ndiye kitanda."

Watu wakacheka, na hawakuwa na kosa. Mjomba huigiza kila kitu. Wiki hiyo hiyo alikuwa ameigiza bosi anayeteleza kwenye tope, na tulicheka hadi mnyororo ukasimama. Tinga naye alicheka, kisha akautazama mguu wa mjomba uliozama.

"Sio mzaha," alisema. "Buti limenaswa na zege. Njooni tung'oe kisiki."

Lazima nieleze kung'oa kisiki, maana ndiko kulikotaka kutumaliza. Zege bichi lina tabia ya kumeza buti. Ukisimama mahali pamoja kwa muda, linakushika, na ukilazimisha peke yako unaacha buti ndani au unaanguka kifudifudi. Kwa hiyo tuna mtindo wetu. Aliye karibu anamshika mwenzake kiunoni, wa nyuma yake anamshika yeye, na wa nyuma tena vivyo hivyo, mstari mzima. Kasuku anaita, tunavuta kwa pamoja, na mtu anatoka kama kisiki. Hakuna anayesubiri kuambiwa. Ukisikia "kisiki" mikono inaondoka yenyewe. Nimewahi kung'olewa mimi, na nimeng'oa wengi.

Tinga alishapiga hatua. Nyuma yangu nilihisi mikono ya Dada Ushanga ikinishika kiunoni, na najua nyuma yake kulikuwa na mikono mingine, na mingine. Ilibaki mimi tu nimshike Tinga, na Tinga amshike mjomba.

"Shika, wewe!" alinihimiza Dada Ushanga. "Unangoja mwaliko?"

Nilikuwa bado nimebeba karai limejaa. Na mahali nilipokuwa nimesimama, njia ya mbao ilikuwa imepinda, hivyo Tinga aliuona mgongo wa mjomba, lakini mimi niliuona upande wake. Niliviona vidole vyake kwenye kile kishikio. Vilikuwa vimekuwa vyeupe kwenye vifundo. Mtu ambaye buti lake limemezwa anatupa mikono, anatafuta pa kushika, anatukana kidogo. Mjomba hakuwa anatafuta kitu. Mkono wake ulikuwa umeshikilia mota kama umepigwa gundi, taya limefungwa, na nyuki ilikuwa inaendelea kunguruma.

Kila asubuhi kabla ya kazi, msimamizi wetu hutukusanya karibu na geti. Ni mtu mwembamba, hatembei bila filimbi shingoni, na kwa hiyo jina lake kwetu ni Filimbi. Anatuambia maneno yale yale kila siku, na Kasuku humwigiza akishageuka. "Kabla hujamkimbilia aliyeanguka, tafuta kilichomwangusha. Kwa sababu bado kipo, na hakijashiba." Mimi asubuhi sina wa kupiga naye soga, kwa hiyo nilikuwa namsikiliza.

Mkono wa Tinga ulikuwa umebakiza shubiri moja kuufikia mgongo wa mjomba.

Nikamrushia karai.

Kwenye mnyororo hakuna aibu kubwa kama kumwaga zege. Ukimwaga, unarudishwa mkiani na siku nzima wanakuimbia. Mimi sikumwaga, nililirusha kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Zege lilimpiga Tinga mgongoni na karai likamshukia kisiginoni. Alipiga kelele, akageuka, macho yamemtoka.

"Wewe binti, una wazimu?"

"Usimguse," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri. Nikavuta pumzi. "Usimguse! Ni umeme! Ameshikwa na umeme!"

Tinga alimtazama mjomba, akaitazama mota, akaurudisha mkono wake kifuani kana kwamba ameutoa kwenye sufuria ya moto.

"Achianeni!" nilisema, nikaitoa mikono ya Dada Ushanga kiunoni mwangu. "Wote achianeni, bakini juu ya mbao. Kasuku! Zima jenereta!"

Sijui kama Kasuku alikuwa amewahi kusikia sauti yangu. Hakuuliza. Aligeukia chini, akaita kwa ile sauti yake, "Zima jenereta!" na aliyefuata akamgeukia aliyefuata, "Zima jenereta!" na neno likashuka njia nzima ya mbao kutoka mdomo hadi mdomo, kama karai tupu linavyoshuka. Chini kabisa, karibu na jenereta, alikuwa Bibi Mchanga, mama mtu mzima anayepima mchanga na kokoto. Jenereta si kazi yake. Lakini aliyekuwa akiitunza alikuwa upande wa pili anafungua mfuko wa saruji, kwa hiyo Bibi Mchanga aliubonyeza ule mdude mwekundu wa kuzimia kwa mpini wa koleo lake. Baadaye aliniambia, "Sikutaka kuugusa kwa kidole, mwanangu. Sisi hatujatambulishana."

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na muda wa kungoja. Ulikuwa mfupi, na mimi niliuona mrefu kuliko siku zote za maisha yangu. Mjomba alikuwa pale, hatua chache tu, anatetemeka. Nilisikia sauti ikitoka puani mwake. Tinga alianza kulia waziwazi.

"Anakufa! Nipeni mbao nimsukume!"

"Mbao zote zimelowa," nilimwambia. "Tinga, ngoja. Ngoja. Inazimwa."

Mikono yangu nilikuwa nimeiweka nyuma, mmoja umekamata kifundo cha mwingine. Niliikamata hivyo mpaka mwisho.

Nyuki ikanyamaza. Mjomba akaachia kile kishikio, akaangukia ubavu kwenye zege.

Filimbi alipanda ile njia ya mbao mbio. Hakumrukia mjomba. Aliuliza kwanza, "Imezimwa? Nani kaizima?" Bibi Mchanga akajibu kutoka chini kwamba imezimwa na yeye amesimama kando ya swichi kama askari, hata rais akija haiwaki. Filimbi akachukua kipande kikavu cha plastiki ngumu, akausukuma waya mbali. Hapo ndipo tulipoona palipofungwa kwa mfuko wa nailoni, kwenye maungio, pakiwa pamezama kwenye maji ya zege. Ndipo akapiga magoti.

"Mjomba! Mjomba, unanisikia?" Akaweka sikio karibu na kinywa chake, akatazama kifua. "Hapumui. Bibi, piga simu gari la wagonjwa lije. Mtu asimame barabarani awaelekeze."

Wakati huo vijana wawili walikuwa wanapanda na makoleo yamejaa mchanga.

"Mfukieni!" mmoja aliita. "Mfukieni mwili mzima, mchanga utavuta umeme utoke!"

"Utoke wapi?" Filimbi hakuinua hata kichwa. "Umeme haukai mwilini kama maji kwenye mtungi. Umezimwa, umekwisha. Mwekeni mtu mchanga kifuani muone atapumua vipi. Rudisheni." Kisha akanitazama mimi, labda kwa sababu nilikuwa karibu. "Hapa kwenye tope siwezi kumkandamiza kifua, anadidimia tu. Lazima tumtoe, tumlaze juu ya mbao. Wewe shika kichwa, kiende sawasawa na mwili, kisipinde. Usikiachie hata ukitekenywa."

Sasa nilimshika. Niliweka mikono yangu pande zote mbili za kichwa cha mjomba wangu. Masikio yake yalikuwa ya baridi na yamejaa zege. Tinga, Kasuku, Dada Ushanga na wengine wakaingiza mikono chini yake. Nikasema "Pokea," wakasema "Peleka," tukamnyanyua kwa pamoja, amenyooka kama mbao, tukamlaza njiani. Watu wa mnyororo wanajua kunyanyua. Hilo halikuhitaji kufundishwa.

Filimbi akaweka kiganja juu ya kiganja katikati ya kifua, akaanza. Alikandamiza kwa nguvu kuliko nilivyotegemea, mpaka Dada Ushanga akasema, "Utamvunja mbavu!"

"Mbavu zinaunga, dada," alijibu Filimbi huku akihema. "Kasuku, niitie. Haraka kuliko ya zege. Mara mbili yake."

Kasuku alifungua mdomo. Hakukutoka kitu. Alikuwa ameziba macho kwa mkono, machozi yanapita katikati ya vidole. Alijaribu tena, akatikisa kichwa.

Basi nikaita mimi. Nilikuwa nimepiga magoti kichwani pa mjomba, nimemshikilia, na niliita kwa sauti ya kutosha kufika chini. "Pokea! Peleka! Pokea! Peleka!" Kila neno, kandamizo moja. Mara ya kwanza sauti ilipasuka. Mara ya pili ikashika. Baada ya hapo sikuifikiria tena. Watu waliokuwa wamesimama njia nzima walianza kuitikia, mpaka ikawa ni saiti nzima inaita, na Filimbi anakandamiza juu ya sauti yetu. Kila baada ya muda alisimama, akaiinua taya ya mjomba, akampulizia pumzi mbili kinywani, kifua kikapanda, akaendelea.

Alipochoka alimwita Tinga. "Mikono inyooke. Usitumie misuli, tumia uzito. Mfuate huyu binti, usimkimbie wala usichelewe."

"Mimi huyu binti nimfuate wapi tena," alisema Tinga akishuka kwenye magoti, damu ikimtoka kisiginoni. "Niite basi, mama. Niite."

Nikamwita. Wakabadilishana, Filimbi, Tinga, kisha Filimbi tena. Jua lilikuwa limepanda na zege lililokauka lilikuwa linanibana usoni. Sikujiuliza kama mjomba atapona. Nilikuwa na neno moja la kusema na baada yake neno lingine, na nilijua kuyasema.

Tinga ndiye aliyekuwa anakandamiza mjomba alipokohoa.

Kilikuwa kikohozi kibaya, cha mtu aliyemeza vumbi la saruji, na hakuna wimbo nilioupenda kama kile. Tinga alitoa mikono. Filimbi akainama, akasikiliza, akaweka vidole shingoni. Kifua kilipanda chenyewe, kikashuka, kikapanda.

"Anapumua," Filimbi alisema. "Msimwinue. Hakuna kumkalisha. Tumgeuze ubavu, kichwa na mwili pamoja, hivyo hivyo."

Mtu mmoja alileta soda, kwa nia njema. Filimbi akamwambia ainywe yeye. Mwingine alitaka kupaka dawa ya meno kwenye kiganja cha mjomba pale palipoungua. Filimbi akafunika kidonda kwa kitambaa safi na kumwambia dawa ya meno akapake meno. Kisha akaagiza maji, mengi, safi, tukamwosha mjomba shingo na mikono na miguu taratibu, kwa sababu saruji mbichi nayo inachoma, inachoma kimya kimya, mtu anaigundua jioni. Mjomba alikuwa anatutazama bila kutujua. Alimtazama Tinga kwa muda mrefu.

"Mbona unalia?" alimuuliza.

"Nenda zako," alisema Tinga, akajifuta pua kwa mkono wa zege.

Gari la wagonjwa lilikuja. Waliompokea walimvalisha kola ngumu shingoni, wakamlaza kwenye ubao wao, wakamuuliza Filimbi maswali, naye akajibu yote. Gari lilipoondoka alisimama ukingoni akalitazama zege letu lililoishia katikati. Fundi mmoja alimuuliza tufanye nini, maana lilikuwa limeanza kukaza. Filimbi akasema liwekewe mbao, likatwe hapo wima, lisubiri. Waya ule akaukata vipande kwa mikono yake ili asitokee mtu wa kuufunga tena.

Nilidhani yameishia hapo.

Mjomba alilazwa, wakawa wanausikiliza moyo wake kwa mashine. Kwenye benchi la nje ya wodi nilimkuta mkaza mjomba, mkewe, amekaa na mama. Nilimwamkia. Aliitikia, lakini kwa mdomo tu. Sikuelewa mpaka siku ya pili, niliposikia maneno yalivyotoka saiti na kufika mtaani. Kila mtu alikuwa amesimulia alichokiona, na hakuna aliyedanganya. Kwamba Tinga alitaka kumwokoa, mpwa akampiga kwa karai. Kwamba mpwa alikuwa karibu kuliko watu wote. Kwamba mjomba wake alikuwa anatetemeka, anakoroma, na yeye amesimama mikono nyuma, kama mtu anayetazama mpira.

Hilo la mikono nyuma ndilo lililomkaa mkaza mjomba rohoni. Mama aliniuliza mara moja tu, usiku tukifunga mlango, "Ilikuwaje?" Nikasema, "Ilikuwa umeme, mama." Alingoja. Nikaenda kulala. Nilikuwa na maneno yote, nimeyapanga, lakini koo langu lilikuwa limerudi kuwa lile la zamani.

Mjomba aliruhusiwa kurudi nyumbani. Jumapili tukaenda kumwona, mimi na mama. Tinga alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti kidogo ambacho kilikuwa kinamlalamikia. Mjomba alikuwa ameegemea mito, mkono umefungwa bandeji nyeupe, anashika mbavu kila akicheka, na alikuwa anacheka sana.

"Huyu," alimwambia mama akimwonyesha Tinga, "alinikandamiza kwa kifua kile. Mimi nasema umeme ulikuwa na huruma zaidi."

"Ungejua mwanao alivyonifanya mimi," alisema Tinga, akinyanyua suruali aonyeshe kisigino. "Mke wangu kaniuliza umepigwa na nani. Namwambia na mtoto wa watu, mpole kabisa, huwa hasemi. Hataki kuamini."

Mama alicheka. Mkaza mjomba hakucheka. Alikuwa anamimina chai. Alimpa mama kwa mikono miwili, akampa Tinga, akampa mumewe na kumshikia kikombe mpaka alipokishika vizuri. Changu alikiweka mezani, upande wa pili, mbali na mkono wangu. Kisha akakaa.

"Mimi nimewashukuru wote," alisema. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, si ya ugomvi. "Msimamizi nimeenda kwake kumshukuru. Tinga nimemshukuru. Yule bibi wa mchanga nimempelekea kitenge. Wote walioweka mkono wao kwa mume wangu nimewashukuru. Wewe, mwanangu, sijui nikushukuru kwa lipi. Nasikia ulikuwa karibu kuliko wote. Mjomba wako ndiye aliyekuwa anakubeba mgongoni ukiwa mdogo, mimi nimewakuta hivyo nilipoolewa. Mwenzio anakufa mbele yako na wewe umeweka mikono nyuma. Nataka unieleze tu. Kwa nini hukumshika?"

Tinga alifungua mdomo. Mama akatazama chini. Mjomba akajiinua kwenye mito akishika mbavu. "Mke wangu, ngoja nikwambie, huyu mtoto..."

Ndivyo ilivyokuwa siku zote, mtu akiniuliza, mjomba anajibu.

"Mjomba, niache," nilisema.

Akaniacha. Chumba kizima kiliniacha. Nilimtazama mkaza mjomba machoni. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala siku nyingi, na nilimpenda kwa sababu ya macho yale.

"Ni kwa kusudi sikumshika," nilisema. "Sikuogopa, wala sikuganda. Ningemshika, ningenaswa naye. Tinga naye angenaswa, na Dada Ushanga aliyekuwa amenishika kiunoni, na wote wa nyuma yake, na leo ungekuwa huna hata mtu mmoja wa kumshukuru. Mikono yangu ilitaka kwenda. Ilitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, ndiyo maana niliikamata nyuma, ningeiachia ingeniponyoka. Nilimtazama anakufa na nikaikamata. Nampenda mjomba wangu, sijawahi kumwambia, namwambia leo. Na akinaswa tena kesho, mkaza mjomba, mbele yako, sitamshika mpaka umeme uzimwe."